Karatasi ya ukutani iliyochorwa kwa mkono kwa baa inayokarabatiwa: mwongozo kamili kutoka Lubumbashi

Watu wa baa huketi. Macho ya mtu aliyeketi kwenye kiti cha kawaida yako karibu sentimita 120 kutoka sakafuni, na usiku hayapandi sana kupita mita mbili. Mchoraji anayebuni akiwa amesimama, saa nne asubuhi, mlango ukiwa wazi, anabuni chumba ambacho mteja hatakiona kamwe. Karibu maamuzi yote yaliyomo katika mwongozo huu yanatokana na hilo: nani atautazama ukuta, akiwa wapi, na kwa mwanga gani.

Hapa Lubumbashi baa ikikarabatiwa, mara nyingi ukuta hupakwa rangi za kampuni ya bia na kazi ikaishia hapo. Kuchora moja kwa moja juu ya plasta nako kuna heshima yake, na mafundi wake tunao. Lakini karatasi ina faida mbili ambazo ukuta hauna. Unaichora kwenye karakana yako huku waashi wakiendelea na vumbi lao, na sehemu ikiharibika baadaye unabadilisha ukanda mmoja bila kugusa picha nzima.

Keti kabla ya kuchora

Nenda kwenye baa jioni, hata kama bado haina paa zuri. Chukua kiti, keti kila pembe, na ujiulize jicho linakwenda wapi lenyewe. Mara nyingi linakwenda sehemu mbili: ukuta ulio nyuma ya kaunta, na ukuta mrefu unaotazamana na mlango. Kuta nyingine huzibwa na migongo ya watu, madirisha na kreti.

Kisha mwulize mwenye baa maswali ya kazi, moja baada ya jingine. «Mama, friji zitakaa wapi? Kreti tupu zitapangwa ukuta gani? Mbabula ya michopo itakuwa ndani au uani? Televisheni ya mpira itatundikwa wapi? Na spika?» Kila jibu linapunguza au kuongeza eneo lako. Ukuta utakaokula moshi wa mbabula, yaani jiko la makaa la kuchomea nyama ya mbuzi, kila jioni haufai kubandikwa karatasi ya kuchorwa. Mweleze mapema, kwa upole lakini bila kuzungukazunguka, maana mafuta yakishaingia kwenye karatasi hayatoki. Karatasi isikae pia karibu na moto wa aina yoyote.

Mwulize vilevile kama ana mkataba na kampuni ya bia. Ikiwa kampuni imemlipia friji, viti au bango, huenda inadai ukuta fulani kwa ajili ya tangazo lake. Jambo hilo limalizwe kabla hujanunua burushi hata moja.

Ushauri wangu ni kuchora ukuta mmoja, au miwili ikizidi, na kuziacha nyingine na rangi tulivu iliyotolewa ndani ya picha. Chumba kilichochorwa pande zote nne humchosha mtu kabla ya chupa ya pili, na gharama yake huwaumiza mwenye baa na wewe.

Vipimo

Roli ya karatasi ya ukutani ya kipimo cha Ulaya, ambacho ndicho utakachokikuta mara nyingi, ina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10.05. Tuseme ukuta wako mrefu una mita 7, na dari iko mita 2.80.

Usishushe karatasi hadi sakafuni. Viti, viatu, ufagio, maji ya kudeki na unyevu unaopanda kutoka ardhini vyote hukaa chini, na michwa pia hutokea huko. Sehemu ya chini, hadi mita 1.10 hivi, ipigwe mbao zilizotiwa dawa au rangi ya mafuta inayosuguliwa kwa sabuni. Migongo ya viti huishia kama mita moja, kwa hiyo haitaigusa picha. Inabaki mita 1.70 ya kuchora. Ongeza sentimita 10 za kukata juu na chini, kila ukanda uwe mita 1.80.

Mita 7 ukizigawa kwa 0.53 unapata 13.2, yaani kanda 14. Roli moja inatoa kanda tano, kwa hiyo roli tatu zinatosha na ukanda mmoja unabaki. Nunua roli ya nne. Itatumika kwa majaribio, kwa viraka na kwa akiba, na huna uhakika wa kuipata ya aina ileile miezi sita baadaye.

Pima urefu wa ukuta mahali pasipopungua patatu, kwa sababu katika nyumba za zamani za mitaa yetu ya Kamalondo au Kenya dari na sakafu hazikubaliani sikuzote. Andika kila swichi, kila plagi, kila bomba. Halafu chora ukuta wote kwa kipimo cha moja kwa kumi: mita 7 iwe sentimita 70 kwenye karatasi yako.

Hali ya ukuta wenyewe

Hapa hakuna njia ya mkato. Plasta mpya ya simenti iachwe wiki nne angalau kabla ya kubandika chochote. Kwa ukuta wa zamani, kata nailoni safi ya mraba wa sentimita 50, ibandike kwa utepe wa gundi pande zote, uiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani, ukuta unatoa maji. Ukiona unga mweupe kama chumvi karibu na sakafu, maji yanapanda kutoka kwenye msingi, na hakuna karatasi itakayodumu hapo mpaka mwashi alitatue.

Kalenda ya mwaka inasaidia. Mvua zetu huanza karibu na mwisho wa Oktoba au Novemba, zikaendelea hadi Machi au Aprili. Ukuta ulioloa Februari utaupima Mei, utabandika Juni au Julai. Vumbi jekundu la kiangazi lina ubaya wake: hutua kwenye rangi mbichi na kwenye kole, yaani gundi ya kubandikia. Mwagia maji uani na ufunge madirisha siku ya kubandika.

Rangi ya mafuta ya zamani ikwanguliwe kwa msasa hadi ing'ae kidogo tu, ioshwe, ikauke. Wakati wa kukwangua vaa barakoa na uloweshe msasa, maana rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi ndani yake. Nyufa zijazwe mastiki, kisha ukuta upakwe rangi nyeupe ya msingi.

Picha gani?

Mwenye baa atakuja na simu yenye picha za hoteli za ng'ambo: korongo wa Asia, maua ya peoni, matawi ya mianzi. Zitazame naye kwa heshima, kwa sababu zina jambo la kufundisha. Karatasi za Kichina za kuchorwa kwa mkono zilizopelekwa Ulaya katika karne ya 18 zilipangwa kama bustani moja ndefu, kila ukanda ukiendeleza uliotangulia bila kujirudia. Pamoja na kanda hizo walipeleka ndege na vipepeo wa ziada, wakatwe na kubandikwa juu ya maungio mabaya au madoa. Huo ni ujanja wa kuuchukua mzima mzima. Korongo mwache kwao.

Kwetu kuna vya kutosha. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya wachoraji mjini hapa, wakati mji ukiitwa Elisabethville, ikajulikana kama Le Hangar. Waliotoka humo walijibu, kila mmoja kwa namna yake, swali ambalo kila mbunifu wa karatasi ya ukutani hukutana nalo: nafasi iliyo kati ya maumbo ujaze nini? Pili Pili Mulongoy alijaza majani na nyasi nyuma ya ndege, nyoka na samaki wake, kila jani likiwa na nafasi yake. Mwenze Kibwanga alijaza vistari vifupi, safu kwa safu, hata mandharinyuma yakawa yanatetemeka. Bela Sara aliacha burushi, akatumia vidole vyake kuweka doa baada ya doa. Nenda ukatazame kazi za namna hiyo kwa muda mrefu, ukihesabu rangi na mistari. Usinakili ndege wa Pili Pili, kwa sababu ni wake. Jifunze mbinu ya kujaza, kisha ujaze kwa mambo unayoyajua wewe.

Unayajua yapi? Msitu wa miombo mwezi Septemba, majani mapya yanapotoka mekundu kabla ya kuwa kijani. Vichuguu virefu kuliko mtu, ambavyo udongo wake umefyatuliwa matofali ya nyumba zetu nyingi. Uyoga wa msimu wa mvua unaouzwa kandokando ya barabara. Kanga, samaki wa Luapula, maboga, mihogo. Jakaranda. Bomba refu la kiwanda na kilima cheusi cha mabaki ya shaba, ambavyo mtoto yeyote wa Lubumbashi angevichora akiwa amefumba macho.

Maumbo mawili yanahitaji tahadhari. Msalaba wa shaba, kile kipande cha shaba kilichotumika zamani kama fedha, ni mzuri mno kwa mapambo, ni wetu tangu zamani za wafua shaba, lakini ulikuwa pia kwenye bendera ya Katanga, jimbo letu, lilipojitenga na Congo mwaka 1960. Misalaba mitatu pamoja na rangi nyekundu, nyeupe na kijani itasomwa kama siasa, na baa ni mahali pa watu wa kila upande. Ukiutumia, utawanye mmoja mmoja kati ya majani, kwa rangi nyingine. Wa pili ni Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki aliyechorwa sana na wachoraji wetu. Wapo wateja watakaompenda, na wapo watakaohama meza kwa sababu utajiri anaowapa watu unasemwa kuwa na bei. Uamuzi ni wa mwenye baa. Mwulize waziwazi, na umpe siku ya kufikiri.

Kupanga: mahali pa kila kitu

Kwenye mchoro wako wa moja kwa kumi, piga mstari wa penseli kwenye kimo halisi cha sentimita 120 kutoka sakafuni (12 mchoroni) na mwingine kwenye 190 (19 mchoroni). Katikati ya mistari hiyo ndipo watu watakapotazama, basi maumbo makuu yawe hapo: kanga, samaki, uyoga, mikono ya mtu anayeuza. Juu yake picha ipumue, matawi yapungue, rangi ya chini, ile inayopakwa kabla ya picha, ionekane zaidi kadiri unavyokaribia dari. Ukijaza juu kama ulivyojaza katikati, dari itaonekana imeshuka.

Jambo la pili ni umbali. Mteja anayekaa ukutani ana picha nusu mita kutoka sikioni. Aliye upande wa pili anaiona kutoka mita tano. Wa mbali anahitaji maumbo machache makubwa, yenye ukingo unaosomeka. Wa karibu anahitaji zawadi ndogo: mdudu juu ya jani, chungu anayebeba chembe, kifuniko cha chupa kwenye nyasi. Hizi ndogo ndizo zitakazomfanya mtu arudi na rafiki yake kumwonyesha. Zitawanye, kila meza ipate yake, na usimwambie mtu ziko wapi.

Halafu gawa mchoro kwa mistari ya kanda, kila sentimita 5.3. Angalia kila mstari unapita juu ya nini. Uso, jicho au mdomo wa ndege usikatwe na ungio, sogeza umbo. Jani kubwa au tawi linalovuka ungio ni jema, maana hushona kanda mbili pamoja. Kwenye pembe ya chumba usikunje mnyama. Weka hapo majani tu.

Je, picha ijirudie? Kwa ukuta wa kanda 14 napendelea njia ya kati. Majani ya nyuma yapigwe kwa kiolezo cha kukatwa kinachojirudia, ukikishusha nusu ya urefu wake kila ukanda wa pili ili jicho lisione safu. Maumbo makuu yachorwe kwa mkono huru, kila moja mara moja tu. Kiolezo kinakuokolea siku nyingi, na mkono huru ndio mwenye baa anaoulipia.

Rangi na taa

Mwulize atatumia balbu gani, na kama hajui, mshauri anunue zenye mwanga wa joto, zilizoandikwa 2700K, na anunue zote siku moja. Chini ya mwanga huo bluu hufifia na kuelekea kijivu, nyekundu na manjano huamka, na kijani cha bluu huonekana cheusi. Kwa hiyo changanya rangi mchana ikibidi, lakini uzikubali usiku tu, ukutani penyewe. Umeme ukikatika na baa ikahamia taa ya sola, yenye mwanga mweupe, picha itabadilika. Jaribu sampuli chini ya zote mbili, uchague rangi zinazostahimili.

Tumia rangi tano au sita, zisizidi. Udongo mwekundu, shaba iliyofifia, kijani cha malakiti (jiwe la kijani la madini ya shaba), bluu iliyokaribia weusi, krimu, na manjano ya udongo. Rangi ya chini iwe ya kati: nyeupe huonyesha kila mkono uliopita, nyeusi hula mwanga wa chumba.

Wapo watakaoona ni jambo zuri kusaga malakiti halisi, kwa kuwa jiwe liko hapahapa. Usifanye hivyo. Vumbi la madini ya shaba likivutwa ni sumu, na huwezi kujua jiwe lina nini kingine. Ulaya ya karne ya 19 ilipamba vyumba kwa karatasi za kijani kilichotengenezwa kwa shaba na aseniki, aina ya kwanza ikiwa imebuniwa na mkemia Scheele mwaka 1775, na kijani hicho kiliwafanya watu wengi waugue. Kijani cha dukani, cha akriliki, kinatosha kabisa.

Vifaa

Karatasi iwe ya nyuzi zisizofumwa, ile wauzaji huiita «intissé», nyeupe, nzito, isiyo na nakshi. Haivimbi inapoloa. Karatasi ya kawaida hupanuka ikipakwa kole, na picha iliyokutana vizuri mezani itapishana ukutani. Ukiikosa, tumia kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ukipake rangi ya msingi mara mbili na kukibandika kwa kole nyeupe ya maseremala. Wachoraji wa Congo wamechora miaka mingi juu ya nguo ya magunia ya unga, na kazi zao bado zipo.

Rangi: akriliki ya maji isiyong'aa. Gwashi na rangi za shule huyeyuka kitambaa chenye maji kikipita. Lita moja hufunika kama mita 10 za mraba. Kanda 14 za mita 1.80 zina mita za mraba 13 na zaidi kidogo, kwa hiyo mikono miwili ya rangi ya chini inahitaji karibu lita 3. Changanya lita 4 kwa ndoo moja, mara moja. Ukichanganya mara ya pili hutaipata ileile.

Kole iwe ya unga wa selulosi, iliyoandikwa kuwa ni ya karatasi ya nyuzi. Uji wa muhogo hushika, ni kweli, lakini hulisha wadudu na ukungu.

Ukanda wa majaribio

Chora ukanda mmoja kamili, umalize hadi vanishi, uutundike ukutani kwa misumari midogo. Uache wiki nzima, pamoja na Jumamosi usiku. Waulize wahudumu, kwa sababu wao hukaa na ukuta kuliko mteja yeyote. Mwagia bia kidogo pembeni, ifute, uone. Mabadiliko ya mwenye baa yaje wakati huu, na atie sahihi kwenye mchoro. Baada ya hapo kila badiliko lina bei yake.

Kuchora

Kata kanda zote, andika namba nyuma kwa penseli pamoja na mshale unaoonyesha juu. Paka rangi ya chini kanda zote siku moja. Zilaze kwa mpangilio, tatu au nne kwa wakati, kingo zikigusana.

Kuhamisha mchoro, chora umbo kuu kwa ukubwa wake kamili kwenye karatasi nyepesi, toboa mistari yake kwa sindano, uilaze juu ya ukanda na kuipigapiga kwa kifuko cha kitambaa chenye unga wa makaa. Nukta zitabaki. Ziunganishe kwa burushi nyembamba, kisha ufute makaa kwa kitambaa kikavu.

Fanya kazi kwa tabaka, usimalize ukanda mmoja mmoja. Maumbo makubwa kwenye kanda zote kwanza, kisha majani ya kiolezo, kisha vivuli, na mwisho vitu vidogo. Mkono hubadilika kati ya Jumatatu na Ijumaa. Ukimaliza ukanda kwa ukanda, mabadiliko hayo yatasomeka ukutani kutoka kushoto kwenda kulia. Unapofika mwisho wa ukanda wa nne, usiuondoe. Ondoa tatu za kwanza, uulete wa tano pembeni yake.

Kwenye vipande vilivyobaki chora ndege wachache na majani kumi au kumi na mawili. Hivyo ndivyo viraka vyako.

Kila kitu kikikauka kwa siku moja, paka vanishi ya maji isiyong'aa, mikono miwili myembamba. Inayong'aa itarudisha kila balbu machoni mwa watu.

Kubandika

Anza katikati ya ukuta, usianze kwenye pembe. Piga mstari wima kwa timazi. Paka kole ukutani kwa upana unaozidi ukanda kidogo, panga ukanda kuanzia juu, ufukuze hewa kwa burushi kavu ukitoka katikati kwenda pembeni. Kingo zigusane bila kupandana. Kole iliyotokeza ifutwe papo hapo kwa sponji yenye maji safi. Kata juu na chini kwa wembe mpya, na ubadilishe wembe kila ukanda wa pili. Zima umeme kabla ya kukata kuzunguka swichi.

Siku inayofuata pitia maungio kwa burushi ndogo na rangi ileile. Palipopishana, weka jani au ndege wa akiba.

Devi na akiba

Gawa devi, yaani makadirio ya gharama, katika sehemu nne zinazoonekana: ubunifu, vifaa, siku za kuchora, kubandika pamoja na marekebisho. Ubunifu ulipwe hata kazi ikikoma kwenye ukanda wa majaribio. Avansi, yaani malipo ya awali, itoshe vifaa vyote, ili usinunue roli mbili leo na mbili mwezi ujao. Andika kwenye mkataba kwamba mchoro ni wako na hautapelekwa kwa fundi mwingine kuurudia kwenye baa ya pili bila wewe.

Mwachie mwenye baa ukanda wa akiba ulioviringishwa ndani ya bomba la plastiki, upande uliochorwa ukiwa nje, pamoja na chupa ndogo ya kila rangi, jina na tarehe vikiandikwa kwenye kifuniko. Mwonyeshe mfanyakazi wa usafi jinsi ya kufuta: kitambaa laini kilichokamuliwa vizuri, bila sabuni ya unga, kuanzia chini kwenda juu. Rudi mvua za kwanza zikishapita, uangalie pembe za chini na juu ya mbao, ambako kole huachia kwanza.